Minyororo ya Liège

Harufu ya kizibo kilichotoka sasa hivi shingoni mwa chupa ni harufu ndogo. Wengi hawaijali, kwa sababu harufu ya divai huja nyuma yake na kuifunika. Lakini mimi, ambaye kila Jumamosi jioni naandaa vyombo vya misa katika parokia yetu ya Ganshoren hapa Brussels, huwa naisubiri. Naiweka chupa juu ya meza ya sakristia, nazungusha kizibuo polepole kwa kuwa mikono yangu haina tena nguvu za zamani, na kizibo kinapotoka na kikohozi chake cha adabu, nakileta puani kabla ya kukiweka pembeni. Mna vumbi humo, na jua, na ganda la mti lililolowa kidogo. Padre wetu, kijana wa Kivu mwenye haraka zake, aliwahi kunikuta nimeinama hivyo.

"Maman Béatrice, divai imeharibika?"

"Hapana, mon père. Ninamnusa mama yangu."

Alicheka, akasimama angoje nieleze, kisha simu yake ikaita. Basi nitawaeleza ninyi, mlio na nafasi.

Nilikuwa katika umri wa kung'oka meno ya mbele tulipoletwa Brussels. Papa alikuwa mwalimu wa shule ya misheni kule Lubumbashi, na mapadre walimtafutia nafasi ya kuja kuongeza masomo. Alikuja nasi, Mama na mimi, mtoto pekee waliyejaliwa. Tulipanga vyumba viwili ghorofa ya tatu, nyuma ya stesheni ya treni ya Gare du Midi, katika nyumba iliyokuwa nyembamba kama kitabu kilichobanwa kati ya vingine. Dirisha la jikoni lilitazama reli. Treni zilipita mchana kutwa zikienda nchi za watu, kioo kikatetemeka, vikombe vikagongana kabatini, kisha kila kitu kikarudi mahali pake, na sisi pia tukiwa mahali petu.

Chini yetu aliishi Madame mwenye nyumba, mjane mwenye masikio ya popo. Mguu ukigusa sakafu kwa nguvu, yeye huko chini aligonga dari kwa mpini wa ufagio, na sisi huku juu tukasimama kimya kama watu waliokamatwa. Mama alinifundisha kutembea kwa ncha za vidole. Kwenye ngazi za mbao, zilizolia kwa kila mguu, alinifundisha kukanyaga ukingoni karibu na ukuta, nitangulize vidole ndipo kisigino kifuate, wala nisiruke hata moja. "Panda kama unaenda kukomunika," aliniambia. Nikapanda hivyo, mkoba wa shule mgongoni, mtakatifu kwa lazima.

Mama huyu sikumtambua. Kule nyumbani alikuwa sauti ya uani kwetu. Aliimba katika kwaya, lakini hata asipoimba ungedhani anaimba. Alibishana na majirani juu ya ua wa matete huku akikoroga bukari, ugali wa kwetu, na ubishi wenyewe uliishia katika vicheko. Hapa alijua bonjour na merci tu. Majuma ya kwanza alitoka peke yake kununua mkate. Alikaa foleni, zamu yake ikafika, akasema maneno aliyofundishwa na Papa, na mwenye duka hakumwelewa. Akayasema tena. Mtu nyuma yake akacheka, labda kwa jambo jingine kabisa. Mama alirudi mikono mitupu, akavua koti, akakaa kwenye kiti kando ya shofaji, yaani kile chuma cha ukutani cha kupasha nyumba joto, na kwa namna fulani hakuinuka tena hapo hadi baridi ilipokwisha. Alipika, alifua, aliniwekea chakula. Lakini alijibu kwa kichwa. Jioni tuliposali rozari alianza vizuri, kisha katikati ya Salamu Maria alinyamaza, macho kwenye reli, na Papa alimalizia kwa sauti ya chini kama mtu anayemfunika mwenzake aliyesinzia.

Mara moja nilimsikia akisema, "Nirudishe kwetu, Papa Béa."

"Masomo haiyaisha," Papa alijibu.

"Utayamaliza. Miye njo nitaisha."

Ili mwelewe kilichonipata baadaye, lazima niwaambie habari za Kaka Fidèle. Huyu alikuwa kijana wa majirani zetu kule Lubumbashi, fundi cherehani mzuri, hadi akili zilipomtoka. Alianza kwa kunyamaza. Watu walisema, Fidèle hajibu tena salamu, Fidèle anaangalia ukuta. Halafu siku moja tukamkuta nyuma ya nyumba yao amefungwa mguu kwa mnyororo kwenye mparachichi. Hawakumfunga kwa ukatili. Mama yake alimlisha kwa mkono wake na kumfunika mvua ikinyesha, na sisi watoto tulitumwa kumpelekea maji. Nilipouliza kwa nini yuko vile, niliambiwa kwamba mnyororo unamtuliza. Neno hilo nililiweka akilini kama watoto wanavyoweka mambo, bila kuligusa tena, zima kabisa.

Sasa ongezeni Tonton Gaston. Alikuwa rafiki wa Papa aliyefanya kazi katika kiwanda cha chuma mjini Liège, na baadhi ya Jumapili alitutembelea na mikono yake yenye makovu ya cheche. Alipenda kujisifia. Reli za hapa chini ya dirisha, alisema, zimetoka Liège. Nanga za meli, Liège. "Na chaîne, Béa? Chaîne ya Liège, hata tembo hawezi kuikata." Chaîne ni mnyororo kwa Kifaransa. Nilimwamini, nani angebishana na makovu yale?

Ndipo akaja Sista Mariette. Alikuwa Mbelgiji, mfupi, mwenye viatu vya kiume, ambaye alikaa Katanga miaka mingi hadi Kiswahili chake kikawa chetu kabisa. Jumapili moja ya joto, baada ya misa, aliketi jikoni na Papa. Mama alikuwa chumbani. Mimi nilikuwa kwenye ujia, nyuma ya mlango, nikivua soksi kwa uangalifu unaotosha kusikia kila kitu.

"Huyu mama anapotea, Maître," Sista alisema. "Munamuacha mu nyumba kama kifurushi."

"Anakataa kutoka, ma sœur. Nimesema mpaka mudomo imechoka."

"Bon. Parokia inapeleka mafamille kusini, ku bahari. Iko kule musitu moja ya zamani, banailinda sana, muntu hatoki mu njia. Forêt ya chênes-lièges. Kule atatulia."

"Na kama akikataa?"

"Alors, tutamupeleka vile vile."

Ninyi mnaojua Kifaransa mmekwisha kucheka. Wasiojua, sikilizeni. Mwaloni kwa Kifaransa huitwa chêne, na sikioni neno hilo na chaîne, mnyororo, ni neno moja. Liège pia, licha ya kuwa mji wa Tonton Gaston, ni lile ganda jepesi la mti linalokatwa vizibo vya chupa. Sista alisema mialoni ya vizibo. Mimi nilisikia minyororo ya Liège. Nilisikia msitu mzima wa minyororo ya Liège, unaolindwa, ambamo mtu hatoki, ambako mama yangu aliyenyamaza atapelekwa, apende asipende, ili atulie.

Mngeniuliza kwa nini sikumwuliza mtu. Katika nyumba yetu, jambo lililosikiwa nyuma ya mlango halikuwa limesikiwa. Nilifanya nilichofundishwa katika katekisimu: nilimwomba malaika mlinzi. Kila jioni, baada ya rozari, niliongeza sala yangu ya siri, kwamba malaika mlinzi asimame mlangoni mwa msitu ule na asikubali Mama aingie.

Siku zile Mama alianza kuinuka kitini, na hilo lilinitisha zaidi. Alishusha sanduku kutoka juu ya kabati akapanga ndani yake vitenge vyake vyote, na juu kabisa akaweka picha ya mama yake. Kisha akalisukuma chini ya kitanda. Alinifundisha kusonga bukari, akiushika mkono wangu juu ya mwiko. "Papa yako hapendi bukari ya maji," alisema. "Ongeza unga. Bado." Na siku moja kabla ya safari alinikalisha kati ya magoti yake tangu asubuhi, akanisuka misuko myembamba sana, ile isiyofumuka upesi, akivuta hadi machozi yakanitoka. Kwa kawaida alinisuka mitatu minene, akafumua Jumamosi. Nilisikia vidole vyake kichwani, vikienda na kurudi, na nikaelewa kwamba yeye anajua anakopelekwa. Asubuhi tulipotoka, sanduku lilibaki chini ya kitanda. Nikasema moyoni: bila shaka, kwenye minyororo nguo hazihitajiki.

Treni niliyoiona chini ya dirisha letu miezi yote ile, sasa nilikuwa ndani yake, na sikutazama nje. Nilikuwa na kazi. Mama alipofumba macho, nilichukua ncha ya kitenge chake nikaifunga kwenye mkanda wa gauni langu. Nililifunga fundo kwa mikono na kwa meno, pale pengo lilipoachia meno ya kushikia, nikalilowesha mate likaze. Saa moja baadaye Mama aliinuka kwenda chooni, nami nikavutwa kutoka kitini kama mbuzi.

"Béa. Ni nini hii?"

"Hakuna kitu, maman."

Alilitazama fundo, kisha akanitazama mimi. Abiria wa mbele yetu aliangalia gazeti lake kwa heshima. Nilingoja alifungue, ila hakulifungua. Alinishika bega, tukaenda pamoja, wawili katika choo cha treni, mlango haufungiki, Ufaransa yote ikikimbia kwenye tundu la chini. Nafikiri alidhani naogopa treni.

Tulilala, sisi na familia nyingine za parokia, kwenye nyumba ya masista, na asubuhi basi likatupeleka msituni. Nilikuwa nimefunga fundo upya. Barabara ilipanda kati ya mawe meupe, joto likaingia madirishani kama pumzi ya jiko, na pale mwisho wa lami kulikuwa na lango. Juu ya lango lile ulining'inia mnyororo. Sisemi mfano: mnyororo wa kweli, mnene, wenye kufuli la ukubwa wa kiganja cha Papa. Tonton Gaston hakuwa mwongo.

Mzee mmoja mwembamba alikuja na rundo la funguo kiunoni. "Huyu njo mulinzi," Sista Mariette alitutangazia. Majuma yote yale nilikuwa nimeomba mlinzi, na sasa niliyeletewa alikuwa na masharubu na funguo. Alifungua, akatuhesabu kwa kidole tukipita, kisha akafunga tena nyuma yetu, na mnyororo ukagonga chuma mara kadhaa kabla ya kunyamaza. Alisema maneno marefu kwa Kifaransa cha kusini, kinachoimba, na Sista akayafupisha kwa ajili ya Mama: hakuna kutoka kwenye njia, hakuna kuwasha moto, hakuna kuchuma kitu, kwa sababu msitu huu umekauka na kiberiti kimoja kinatosha. Leo naelewa kwamba alikuwa mzee anayeogopea miti yake. Siku ile nilisikia tu hakuna, hakuna, hakuna.

Na bado, ndugu zangu, nilipokwisha kuogopa kwa zamu ya kwanza, pua yangu ilifunguka. Kulikuwa na harufu ya utomvu, na ya majani makavu yenye ukali kidogo kama ya dawa ya kikohozi, na chini yake harufu ile ya vumbi na ganda. Nyenje walilia kutoka kila upande kwa sauti moja isiyo na mwanzo, kama cherehani elfu. Miti ilikuwa mifupi, imepinda, majani yake madogo magumu yakiwa kijani cha kukoza ingawa hakukuwa na tone la maji mahali popote. Njia ilikuwa nyembamba, imezungushiwa waya pande zote mbili, na tulitembea mmoja nyuma ya mwingine, Papa mbele, kisha Mama, kisha mimi kwenye mkia wa kitenge.

Halafu tukafika penye miti iliyochunwa. Kuanzia ardhini hadi urefu wa mtu, mashina yalikuwa hayana ganda, mekundu, laini, kama miguu iliyovuliwa soksi ndefu. Na juu ya kila shina ilipakwa namba kwa rangi nyeupe. Mlinzi alieleza kwamba namba ile inaonyesha mwaka ambao ganda lilivunwa, ili watu wajue lini wataruhusiwa kulivuna tena. Mimi nilikuwa nimewaona wafungwa wa Lubumbashi wakifagia barabara na namba zao mgongoni. Nilihesabu miti ili nijue upi hauna namba bado.

Hapo ndipo Mama alipozungumza. Tulikuwa tumezoea ukimya wake hata Papa aligeuka kama aliyeguswa na mgeni. Alikuwa ameweka kiganja kwenye shina jekundu.

"Sista, muulize huyu papa. Mbona haikufa?"

Baba yake Mama alikuwa mtu wa nyuki. Katika misitu ya kwetu alichuna maganda akayakunja kuwa mizinga, na mti uliochunwa hivyo ulikauka ukafa. Mama alijua hilo tangu utoto. Sista aliuliza. Mlinzi alichangamka, akaja karibu, akamwonyesha kwa ukucha: kuna ngozi nyingine ndani, nyembamba, na mkataji asipoijeruhi, mti hujivika tena. Unachukua miaka mingi. Mama alitikisa kichwa, si kwa kukataa, kwa kustaajabu. Kisha alivua viatu vyake vya Brussels, akaviweka sambamba kama mlangoni mwa nyumba, akakaa chini, mgongo kwenye shina, miguu imenyooka kwenye majani makavu, na akafumba macho. Nami, kwa kuwa tulifungwa pamoja, nikakaa pia.

Wengine walisogea mbele. Tulikaa. Nilisikia pumzi yake ikienda polepole, ndefu, kama ya mtu ambaye ameweka mzigo chini. Alikuwa anatulia. Kila kitu kilikuwa kinatokea kama Sista alivyosema.

Walirudi, na mlinzi akatazama jua akasema ni wakati wa kufunga.

"Muende," Mama alisema bila kufungua macho. "Miye nabaki hapa kidogo."

Mlinzi alisogea kumsaidia kuinuka, funguo zikalia kiunoni. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka fundo likinivuta, na mimi nikiwa nimesimama mbele ya Mama, mgongo kwenye mti, mikono nimeipeleka nyuma nikikumbatia shina, kama nilivyomwona Kaka Fidèle kwenye mparachichi wake.

"Mufunge miye," nilisema. "Maman aende na papa. Miye njo nitabaki."

Papa alisema, "Mutoto, unasema nini?"

"Nitatulia. Nimeisha kutulia. Mufunge miye."

"Bakufunge na nini?" Sista Mariette aliuliza.

"Na chaîne ya Liège."

Nilimwona Sista akitazama mti, kisha lango kule chini, kisha akaweka mkono mdomoni na kukaa kwenye jiwe. Alimwambia mlinzi kwa Kifaransa, chênes-lièges, chaînes de Liège, na masharubu ya mzee yule yakatetemeka, akageuka pembeni akijipangusa macho. Watu wote wa parokia walicheka. Papa alivua kofia yake akaitazama ndani, kama mtu anayetafuta kitu kilichoandikwa humo.

Mama alikuwa amefungua macho. Hakucheka kwanza.

"Ulizania banaleta miye hapa juu ya kunifunga?"

"Kama Kaka Fidèle," nilisema.

"Na hii fundo?"

"Ili banifunge pamoja na weye."

Ndipo kicheko kikamtoka, kile cha uani kwetu, cha kuvuka ua, na mlinzi yule wa hakuna, hakuna hakukikataza. Kilipanda, kikavunjika, na sikujua ni wapi kilipogeuka kuwa kilio, kwa kuwa uso wangu alikuwa ameufunika kifuani mwake. Alinuka utomvu na jasho na sabuni ya masista. Alilia muda mrefu. Kisha nikamsikia, juu ya kichwa changu, akimwambia Papa kwa sauti yake ya kawaida kabisa:

"Bon. Siendi tena."

Papa aligeuka akatazama mti uliokuwa karibu, ukiwa na namba yake nyeupe, na mabega yake yakashuka. Nilidhani Mama anakataa safari nyingine za parokia. Ilionekana jambo la haki.

Mlinzi, aliyekataza kuchuma kitu, aliokota kipande cha ganda kilichoanguka njiani, kikubwa kama kipande cha mkate, akampa. Mama alikifunga katika ncha ya kitenge, palepale penye fundo langu, kama wanawake wa kwetu wanavyofunga vitu vyao vya thamani. Tulishuka hadi langoni. Mnyororo ukafunguliwa, tukatoka, ukafungwa nyuma yetu.

Hadithi hii ilikuwa kichekesho cha nyumba yetu. Tonton Gaston alipoisikia alilia kwa kucheka, na kila alipokuja alinong'ona, "Béa, mnyororo wako nimeuacha kwenye treni." Masomo ya Papa yaliisha, ikaja kazi, kisha kule nyumbani kukaharibika kwa namna iliyofanya kila mwaka uwe mbaya kwa kurudi. Mama alijifunza Kifaransa cha foleni, halafu cha ugomvi, na mwishowe alibishana na Madame wa chini juu ya mapazia, kwa furaha ya wote wawili. Mama yake yeye, nyanya yangu aliyekuwa katika picha, alifariki kabla Papa hajamaliza. Hawakuonana tena.

Papa alipotwaliwa na Bwana, Mama alihamia kwangu hapa Ganshoren, na katika miaka yake ya mwisho miguu ilikataa ngazi. Alikaa dirishani kwenye kiti, mikono ikichambua sombe, majani ya mihogo, ambazo nilimletea kutoka soko la Jumapili la Gare du Midi. Siku moja niliwasimulia wajukuu habari za minyororo, kama kawaida, wakacheka kama kawaida. Mama alingoja waende kucheza.

"Ile siku nilikuwa nimeisha kwenda," alisema.

"Kwenda wapi, maman?"

"Kwetu. Ndege ilikuwa juma yenye ilifuata. Papa yako alikubali. Weye ungebaki naye mpaka masomo iishe."

Nililiona sanduku chini ya kitanda, na picha juu ya vitenge. Nilisikia mkono wake juu ya mkono wangu kwenye mwiko, ongeza unga, bado. Nikaisikia misuko ile kichwani, myembamba, isiyofumuka upesi, ambayo alisuka kwa asubuhi nzima kwa sababu hakujua ni nani atakayenisuka tena.

"Na Sista alijua?"

"Sista njo alisema, mumupe kwanza siku moja ya jua."

Mnaona sasa jinsi sala yangu ilivyojibiwa. Niliomba Mama asifungwe. Naye, siku ile ile, alikuwa amekwisha kufunguliwa. Mlango ulikuwa wazi, juma moja tu mbele. Na mimi nikafika na fundo langu la mate na meno. Nimeliweka jambo hili mbele ya Bwana mara nyingi, kimya, baada ya kuzima mishumaa, na sijaambiwa nilifungue wala nilikaze. Nimeshukuru tu. Kwa umri wangu, kushukuru bila kuelewa si kazi ngumu tena.

Lakini siku ile nilimwuliza, kwa kuwa nisingepata siku nyingine. "Ulijuta, maman?"

Mama hakuwa mtu wa kukupa jibu tamu ili ulale. Alichambua jani moja, na jingine.

"Siku mingi," alisema. "Siku mingi, ndiyo. Kisha saa ya masomo inaisha, nasikia mulango ya chini. Nasikia miguu yako ku ngazi, polepole, kama muntu anaenda kukomunika. Nasema, bon. Anakuya."

Akarudi kwenye sombe zake.

Jumamosi, baada ya kunusa kizibo, nakaa kidogo sakristia kabla ya kuzima taa. Nyayo za wanakwaya wanaokuja mazoezini husikika kwenye ngazi za mawe, za watoto zikiruka mbilimbili. Hakuna anayewakataza. Mimi husikiliza hata hivyo, nikingoja mmoja utakaokanyaga ukingoni, karibu na ukuta, vidole kwanza.